Msimu Niliomshonea Thaddeus Mikono

22 Aprili 1878, Jumatatu

Mimi, Adelia, mke halali wa Thaddeus Quimby, nahodha na mdakaji wa Wahunzi wa Wexham, timu yetu ya besiboli, nimeanza kuandika kwa sababu furaha imenijaa mpaka nahofia nitaanza kuisimulia barabarani. Jana nilimsimulia muuza maziwa. Alisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama nahitaji siagi.

Thaddeus ana mabega mapana, masharubu ya rangi ya asali, na sauti inayonifanya nisahau nilichokuwa nakipika. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni mikono. Baba yangu ni mshona glavu, nimekulia kati ya ngozi za kondoo na za kulungu, hivyo mikono ya mtu ndiyo kitu cha kwanza ninachokitazama. Vidole vya mume wangu vimepinda kila kimoja na upande wake, kama watu waliogombana wakalazimishwa kuketi benchi moja. Siku ya harusi baba alimpa mkono, akaukagua, akaninong'oneza, "Binti yangu, mkono huu hauna namba yoyote dukani kwangu."

Naipenda mikono hiyo hata hivyo. Yaani, naipenda kupita kiasi!

4 Mei

Mechi ya kwanza. Tumeshinda. Nilitazama nusu yake tu, maana nusu nyingine nilikuwa nimeziba uso kwa kofia.

Hakuna aliyenieleza kabla ya ndoa kwamba mume wangu husimama nyuma ya mpigaji, karibu kiasi cha gongo kumpepea masharubu. Mbele yake kuna mtu anaitwa Cornelius Tuohy, mrushaji wetu, mwembamba kama ufagio, ambaye kazi yake ni kuvurumisha mpira kwa nguvu zote kuelekea kwa Thaddeus wangu. Mpigaji akikosa, mpira unadakwa na mikono mitupu. Pwa! Kila mara, pwa! Uwanja mzima unashangilia. Mimi peke yangu nilikuwa nasema "jamani" kila mpira.

5 Mei

Gumba la kushoto limekuwa kubwa kama yai la bata. Nimelibusu.

11 Mei

Mvua kutwa. Hakuna mechi. Asante, Mungu.

18 Mei

Leo nimejaribu kulianzisha lile jambo. Nilisubiri amalize pai ya tufaha, nikasema kwa sauti ya upole, "Mpenzi wangu, kwa nini hamvai glavu?"

Akaweka uma chini. "Glavu?"

"Ndiyo. Za ngozi. Mimi binti wa mshona glavu, ningekushonea—"

"Adelia, mke wangu, unataka watu waniite bibi arusi? Unamjua Lemuel Straub, mdakaji wa Oswick? Mpira ulimng'oa jino, akalitema, akadaka unaofuata. Straub angesema nini akiniona na glavu?"

"Angesema kwa mapengo."

Hakucheka. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alicheka kidogo, kisha akakumbuka yuko upande wa nani. "Baba yake alikatwa kidole kiwandani saa nne," akasema, "saa sita akala chakula chake vizuri tu."

Isitoshe, Bwana Pruitt, rais wa klabu na mwenye kiwanda cha sabuni, hutangaza kila mara kwamba watu huja uwanjani kuona wanaume. Mwoga hana nafasi katika Wahunzi. Hivyo ndivyo wanavyofikiri hapa, na mume wangu ni mmoja wao, na ninampenda, na ninatamani kumpiga na mwiko.

30 Mei

Siku mbaya kuliko zote tangu nimeolewa.

Katikati ya mechi mpira ulimpiga Thaddeus kidole cha kati, kikageuka kutazama kilikotoka. Niliona kwa macho yangu. Tuohy akamwendea, akamshika mkono, akasema kwa sauti ya mtu anayepita tu, "Quimby, hebu mwone yule ndege!" Thaddeus akainua uso. Tuohy akavuta. Krak! Kidole kikarudi. Thaddeus akasema, "Ndege gani?" na mchezo ukaendelea!

Huyo Tuohy ni mnyama. Nimeandika, na sitafuta.

Jioni daktari alikuja. Kiganja cha kushoto kimepasuka, mifupa midogo ndani imepondeka. Akasema waziwazi, mbele yangu: "Nahodha, ukiendelea hivi mpaka vuli, mkono huu hautafunga tena. Hutashika nyundo. Hutashika kijiko."

"Na mkono wangu?" nikauliza. "Hataweza kuushika?"

Daktari alikohoa, akaanza kufunga begi lake. Thaddeus akatazama ukutani. Nikamwona, kwa mara ya kwanza, ameogopa. Asipodaka klabu itamfukuza. Akidaka hivi mkono utakufa. Hapo katikati hakuna nafasi ya mtu kusimama.

1 Juni

Amekubali! Amekubali! Ila kwa sharti moja: asionekane na mtu yeyote, si Pruitt, si wachezaji wenzake, si mama yake. Glavu iwe na rangi ya ngozi yake hasa, na iishie ndani ya mkono wa shati.

Nikamwambia, "Bwana wangu, umeoa mtu sahihi."

4 Juni

Ngozi ya kondoo nimeipata kwa baba. Rangi ndiyo kazi. Jaribio la kwanza, kwa majani ya chai, lilitoa rangi ya kiatu. La pili, kwa maganda ya vitunguu, likatoa karoti. Thaddeus aliiweka kando ya mkono wake, akaitazama muda mrefu, akasema hajawahi kumwona mtu wa rangi hiyo akiwa hai.

6 Juni

Chai hafifu, maganda kidogo, na tone la maji ya bitiruti kwa ajili ya damu ya uzima. Nimefaulu! Glavu ziko kwenye meza, na nilipoingia chumbani ghafla nilipiga kelele, nikidhani mtu ameacha mikono yake.

8 Juni

Nitaieleza siku hii polepole, maana nataka kuikumbuka nikiwa bibi kizee.

Kulikuwa na tatizo la pindo. Ukifunga glavu kwa kifungo, kifungo kinaonekana. Ukiifunga kwa kamba, kamba inaonekana. Basi nikamkalisha Thaddeus kitandani, nikachukua sindano nyembamba kuliko zote, nikamshonea glavu moja kwa moja kwenye shati lake la ndani, mshono kwa mshono, nikizunguka kifundo cha mkono wake. Ncha za vidole vya glavu nilikuwa nimezikata kidogo ili aweze kurusha. Alikaa kimya kama farasi anayepigiliwa viatu vya chuma. Pumzi yake ilikuwa inanipiga shingoni. Nani mwingine katika jimbo zima la New York amemshona mume wake nguoni? Mimi tu!

Tumeshinda. Hakuna aliyegundua. Mkono haukuvimba.

Shida ilikuja mezani. Mimi ndiye wa kufumua, na mama mkwe alikuwa ameshapakua supu.

"Thad, hujanawa mikono."

"Nimenawa uwanjani, mama."

"Mbona misafi hivyo? Hata kucha sizioni vizuri."

"Ni sabuni ya Bwana Pruitt," nikasema.

Mama mkwe akaitazama ile mikono kwa heshima mpya. Kesho atanunua boksi zima.

15 Juni

Ngozi peke yake haitoshi kwa mipira ya Tuohy. Thaddeus amesikia kwamba kuna wadakaji huko magharibi wanaoweka kipande cha steki mbichi kiganjani. Tumejaribu. Inafaa ajabu! Tatizo ni kwamba ninalazimika kuchukua steki kwenye kabati la mama mkwe.

22 Juni

Nimechukua nyingine.

29 Juni

Na nyingine. Leo mama mkwe amenikuta naifunga kwenye leso. Alinitazama usoni, akanitazama tumboni, akaniketisha kitini taratibu.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu wiki mbili, mama," nikasema, nikimaanisha steki.

"Mimi nilikuwa natamani chaki. Dada yangu alikuwa anakula udongo. Nyama mbichi sijaisikia, lakini itakuwa mvulana." Akanikumbatia! Hajawahi kunikumbatia. Ningesema nini? Siri si yangu peke yangu. Nikamkumbatia na mimi, na steki ikiwa katikati yetu.

3 Julai

Majirani watatu wameleta soksi za mtoto. Thaddeus anasema tuzipokee, asiudhike mtu.

4 Julai

Sikukuu ya uhuru. Joto kali, bendi, bendera, na watu wengi kuliko siku nyingine zote. Na mbwa.

Katika joto lile steki ilianza kunukia mapema. Mbwa mmoja wa madoa alipita chini ya kamba, akavuka uwanja mzima bila kumtazama mtu, akaketi nyuma ya Thaddeus. Thaddeus akisogea, mbwa anasogea. Thaddeus akichuchumaa, mbwa anamlamba kiganja kwa mapenzi makubwa. Mwamuzi akamfukuza mara mbili. Mara ya tatu mbwa akarudi na wenzake wawili.

Nilidhani tumekwisha. Lakini umati ukapagawa kwa furaha. "Hata mbwa wanampenda nahodha!" alipiga kelele mtu nyuma yangu. Tuohy, huko aliko, akaweka mikono kiunoni: "Quimby, wakwe zako wamefika?" Na kuanzia hapo kila anaporusha anapiga yowe kama mwendawazimu: "Haya mpokee!" "Twende kazi!" "Huyo anakuja!" Zamani hakuwa na kelele hivyo. Mtu huyu simpendi kabisa.

Tumeshinda. Mbwa wa madoa ametufuata nyumbani. Mama mkwe amempa jina Jenerali.

13 Julai

Mvua. Mume wangu amenisomea gazeti kwa sauti, hata bei za mahindi. Sikuwahi kujua kwamba bei za mahindi ni tamu hivyo.

20 Julai

Lazima nifute jambo nililoapa kwamba sitalifuta.

Nilikuwa nyuma ya kibanda cha wachezaji nikimsubiri Thaddeus, Tuohy akaja akasimama karibu yangu, kofia mkononi.

"Shemeji," akasema, "ushonaji wako mzuri sana."

Nikageuka kutazama kama kuna mtu karibu. "Ushonaji gani?"

"Mkono mtupu unalia pwa. Ngozi inalia puf. Mimi ndiye ninayerusha, shemeji. Tangu Juni nasikia puf."

Nikamsihi asimwambie mtu. Akanitazama kama aliyetukanwa.

"Unadhani napiga makelele vile kila mpira kwa sababu napenda? Koo langu limekwisha. Mke wangu ananinywesha asali na siki kila asubuhi. Nafunika ile puf isisikike." Akazungusha kofia yake. "Kabla ya hapo nilikuwa narusha nikijua namvunja rafiki yangu. Usingizi sikuwa napata. Sasa narusha kwa raha."

Nilimbusu shavuni. Akawa mwekundu kuliko bitiruti yangu. Cornelius Tuohy ni malaika, mwembamba kama ufagio.

10 Agosti

Tumeshindwa, lakini mkono mzima. Daktari ameutazama, akasema hajui miujiza hii inatoka wapi. Nikasema inatoka kwa mapenzi. Akaandika kitu.

24 Agosti

Bwana Pruitt ametangaza: mechi ya mwisho wa msimu ni dhidi ya Oswick, hapa hapa Wexham. Straub anakuja. Na akasema, baada ya mechi hiyo ndipo klabu itaamua nani abaki mwakani. Thaddeus hajala chakula cha jioni. "Straub atasimama hatua moja tu mbele yangu," akasema. "Akiwa mpigaji, nitakuwa nyuma ya kiwiko chake. Akiona mshono mmoja tu, Adelia, nimekwisha."

Nimefumua zote. Nashona upya, mshono mdogo zaidi.

14 Septemba

Mengi yametokea leo. Nijaribu kwenda kwa utaratibu.

Straub ni mtu mkubwa kama kabati la nguo. Alipoingia uwanjani watoto walinyamaza. Pengo lake liko pale pale, na analionesha. Mchezo ulikwenda sare mpaka mwisho, kisha sisi tukaongoza kwa pointi moja, na wa mwisho kupiga upande wao akawa, nani mwingine, Straub mwenyewe. Thaddeus akachuchumaa nyuma yake. Tuohy akaunguruma kama treni. Straub akakosa mara moja. Akakosa mara ya pili. Mara ya tatu gongo liliukwaruza mpira kidogo tu, ukabadilika njia, na mume wangu, mume wangu mpenzi, akaunyaka karibu na sikio lake. Puf! Nilisikia hata mimi. Lakini uwanja ulikuwa umeshalipuka, maana tulikuwa tumeshinda.

Katika kelele zile tukasahau desturi. Kila mwisho wa msimu nahodha aliyeshindwa humkabidhi mshindi mpira wa mechi, mbele ya jukwaa kuu, na wanapeana mkono huku watu wakiwashangilia mara tatu. Tulikuwa tumepanga Thaddeus akimbilie kibandani, mimi niwe pale na mkasi. Bwana Pruitt akamdaka kabla hajapiga hatua. "Nahodha wangu!" akamburuta hadi mbele. Mimi nikabanwa kwenye kamba, mkasi mkononi, nisiweze kufanya lolote.

Straub, nahodha wao, akatoa mpira. Akatoa mkono. Thaddeus akafumba macho, akatoa wake.

Wakashikana. Na hawakuachiana.

Niliona uso wa mume wangu ukibadilika. Kisha nikaona uso wa Straub ukibadilika. Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno.

"Kondoo?" akanong'ona Straub.

"Kondoo," akasema Thaddeus. "Wako?"

"Ng'ombe. Mke wangu alipaka rangi ya milango."

"Mimi nimeshonewa."

"Una bahati. Mimi nimegandishwa kwa gundi ya seremala. Sijavua tangu Jumatano."

"Basi tuachiane, watu wanatutazama."

"Siwezi," akasema Straub, na jitu lile lilikuwa na machozi machoni. "Kwa hili joto gundi imelainika. Tumeshikana."

Watu wakadhani ni shindano la nguvu. "Mminye, nahodha!" "Straub, usikubali!" Bendi ikaanza kupiga. Bwana Pruitt akatangaza kwamba huu ndio uanaume. Wao wawili wakavuta huku, wakavuta kule, wakazunguka kama wanaocheza dansi. Hatimaye Straub akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, na kwa sauti ya shuka kupasuka, glavu yake ikamtoka mkononi nzima nzima, ikabaki inaning'inia kwenye kiganja cha Thaddeus, vidole vikitikisika.

"Amemchuna ngozi!" alilia mwanamke mmoja, akazimia. Na wa pili. Jenerali akaruka kamba, akainyakua ile glavu, akatokomea nayo. Mwanamume mmoja akaanza kusali kwa sauti.

Kisha wakauona mkono wa Straub uliokuwa chini ya glavu, mweupe na mzima, na wakaelewa. Bendi ikakatiza wimbo. Kutoka nyuma mtu akasema, "Na Quimby je? Mtazameni Quimby!"

Nikapita chini ya kamba. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamshika mume wangu mkono mbele ya Wexham nzima na Oswick nusu, nikakata mishono yangu mmoja mmoja, nikaivuta glavu, nikauinua mkono wake juu. Kipande cha steki kikadondoka kwenye kiatu cha Bwana Pruitt.

"Kumbe steki ilikuwa ya hiyo?" ikasema sauti ya mama mkwe kutoka jukwaani, kwa huzuni kubwa.

"Waoga!" akapiga kelele mtu. "Waoga wawili!" Wengine wakaitikia. Bwana Pruitt alikuwa zambarau. "Quimby," akasema, "watu huja hapa kuona wanaume. Msimu ujao—"

"Rais," akasema Tuohy. Alikuwa amerudi pale anaporushia, mpira mkononi, sauti imemkauka kabisa. "Aliyesema mwoga aje asimame pale. Mikono mitupu. Mpira mmoja tu."

Watu wakaanza kutazama viatu vyao.

"Hakuna? Basi wewe, rais. Wewe ndiye unayewajua wanaume."

Na mama mkwe, aliyekuwa bado na uchungu wa mjukuu wake, akasimama juu ya benchi: "Nenda, Pruitt! Vua koti! Au nije mimi?"

Uwanja ukashika: "Pruitt! Pruitt!" Bwana wa watu akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaenda kusimama pale anapochuchumaa Thaddeus, tumbo likiwa mbele yake. Tuohy akarusha. Nina hakika hakurusha kwa nguvu zote. Thaddeus anasema hata nusu haikuwa. Pwa!

Bwana Pruitt aliudaka, lazima nimpe haki yake. Alisimama nao muda, uso hauna kitu. Kisha akatembea polepole hadi kwenye ndoo ya maji ya limau, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akafumba macho.

Tulisubiri wote. Hata bendi ilisubiri.

"Bibi Quimby," akasema hatimaye, bila kufumbua macho, "unaweza kuwashonea wachezaji wote? Lakini za rangi ya kawaida. Hii rangi ya maiti sitaki kuiona tena."

15 Septemba, Jumapili

Thaddeus amebaki. Straub na mke wake wamelala kwa Tuohy; mke wa Straub amekuja kwangu jikoni, tumeongea juu ya gundi na uzi mpaka chai ikapoa. Mama mkwe hanisemeshi, ila ameniwekea kipande kikubwa cha nyama, kilichoiva.

Asubuhi hii, kabla ya kanisa, Thaddeus alinifunga vifungo vya gauni mgongoni, vile vidogo vya lulu, kimoja kimoja, kwa vidole vyake vyote vilivyopinda. Alichukua muda mrefu sana. Kengele ililia, ikanyamaza, nyimbo zikaanza, na mimi sikumharakisha.